Pikapu kuukuu inapogonga chini

Fundi mzuri wa pikapu kuukuu hajulikani kwa wingi wa spana zake. Hujulikana kwa swali lake la kwanza. Ukimwambia gari linagonga chini naye asikuulize linagonga wakati gani, bali akavuta jeki na kutangaza kwamba difu limekufa, mshukuru uondoke.

Wakati ndio ushahidi mkubwa, maana chuma hudanganya masikio. Kwenye Hilux ya miaka ya 1990, kishindo kilichoanzia katikati ya propela husafiri kwenye chesisi kikasikika kana kwamba kiko chini ya kiti cha dereva, au nyuma kabisa chini ya bodi. Kwa hiyo endesha kwanza. Fungua vioo, pita polepole kando ya ukuta mrefu ili sauti ikurudie. Ingiza gia ya kwanza, kisha rivasi. Kanyaga mafuta, achia, kanyaga tena. Baadaye tafuta matuta uyapite taratibu bila kukanyaga wala kuachia mafuta.

Likigonga kwenye matuta tu, achana na propela. Angalia bushi za springi, shokomzoba na bolti za bodi. Likigonga “ko!” moja kavu kila unapoingiza gia au kuachia mafuta, hapo kuna kitu kinachocheza kati ya giaboksi na matairi ya nyuma. Nguvu ikibadili upande, nafasi hiyo huzibwa ghafla, na ndicho kishindo unachokisikia.

Mimi huanza na krosi ya propela, na sioni sababu ya kuanza kwingine. Ni rahisi kufikia, spea yake si ghali, na hutoa dalili mapema. Krosi iliyokauka grisi hulia “nyi-nyi-nyi” gari likienda mwendo wa mtu anayetembea, muda mrefu kabla ya kuanza kugonga. Simamisha gari pahala tambarare, zuia matairi kwa mawe, vuta hendibreki, toa gia. Ingia chini, shika propela upande huu wa krosi kwa mkono mmoja na upande wa pili kwa mkono mwingine, kisha zipindue kinyume. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Tazama pia ukingo wa vikombe vyake: vumbi laini la rangi ya kutu ni unga wa beringi zilizokwisha kusagika ndani.

Krosi mpya nayo ina kipimo chake. Kabla propela haijarudishwa garini, ikunje kwa mkono pande zote. Iende laini mwanzo hadi mwisho. Ikikwama pahala, kijiti cha beringi kimeanguka ndani ya kikombe wakati wa kugongelea, na krosi hiyo haitakaa. Fundi makini huweka alama kwenye propela na kwenye difu kabla ya kufungua bolti, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Asipofanya hivyo gari linaweza kurudi likitetemeka.

Kuna kishindo kingine kinachowatia watu hasara bure: gari linagonga mara moja linaposimama, au linapoanza kuondoka. Mara nyingi ni sehemu ya propela inayoteleza kuingia na kutoka ambayo imekauka. Kama ina nipeli, ipige grisi kiasi. Ukishindilia kupita kiasi, grisi itazuia propela kurudi ndani.

Propela yenye vipande viwili ina senta beringi, na mpira wake ukichanika gari hutikisika linapoondoka na mzigo. Yubolti za springi zilizolegea hugonga ukiondoka na ukishika breki. Utaona chuma kinachong'aa pale ekseli inaposuguana na springi. Mpira wa maunti ya injini au giaboksi una mlio mzito zaidi, “du!”, unapoachia klachi.

Difu liwe la mwisho. Wengi hushika propela, wakaona inazunguka kidogo, wakahukumu. Lakini difu zima nalo huacha nafasi: kwenye Hilux nyingi kati ya meno ya pinioni na krauni hutakiwa milimita 0.13 hadi 0.18, na juu yake kuna nafasi ya gia ndogo za ndani na meno ya ekseli. Kuzunguka kidogo hakutoshi kulihukumu. Pinioni ikicheza juu na chini, hiyo ni beringi, na kwa kawaida huwa imeshaanza kuvuma barabarani. Kama bado una shaka, mwaga oili utazame sumaku ya bolti ya chini. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole ndivyo vinavyotosha kulifungua difu.