Ijara ya Picha za Mchangani

Lugha yetu ina neno ambalo nililipenda tangu udogoni, kabla sijaijua kazi yake, nalo ni neno ridhaa. Ndilo tunalomtajia bondia asiyepigania fedha, na timu ya mtaa ambayo jezi zake zimenunuliwa kwa mchango wa wazee wa baraza; na mtu akilitazama vizuri ataona kwamba halisemi lolote juu ya fedha, bali lasema juu ya moyo: mwenye ridhaa ni yule aliyekubali kwa hiari yake, asiyelazimishwa wala kuajiriwa, akatoka uwanjani na jasho lake naye yu radhi. Sifa hiyo yamfaa mchezaji. Kama yamfaa pia mtu mwingine, ambaye hukaa nje ya mstari kando ya goli, goti moja limezama mchangani na jicho moja limefumbwa, na ambaye hakuna ampigiaye makofi, ni jambo lililonishughulisha kwa miaka kadhaa. Kwa maana nimekuwa mtu huyo, kwanza mchukuzi wa mkoba wa mwalimu wangu, kisha mwenye kamera yangu mwenyewe, katika viwanja vya mitaani vya Tanga.

Watu hudhani kwamba mpiga picha wa michezo huona tendo kisha akabonyeza. Laiti ingekuwa hivyo! Tendo likishaonekana limekwisha pita, na kidole kingojacho ushahidi wa jicho huambulia mgongo wa golikipa na mpira uliokwisha tulia wavuni, kama wavu upo. Maana viwanja vingi vya mchangani magoli yake ni miti miwili na kamba. Mwenye kuijua kazi husoma bega la mshambuliaji kabla mguu haujainuka. Hujua ni beki gani afumbaye macho apigapo mpira kwa kichwa na ni yupi ayatoaye kana kwamba ameona jini. Naye huchagua mahali pa kukaa kabla ya filimbi, si kwa kufuata kivuli cha mwembe kama watazamaji wenziwe, bali kwa kufuata jua litakapokuwa baada ya saa moja. Mwalimu wangu alikuwa akifika uwanjani wakati wavulana wangali wakichota majivu ya kuchorea mistari, akatembea peke yake kutoka kona hata kona mithili ya mnunuzi wa shamba.

Na jua lenyewe halina ihsani. Mechi hizi huanza saa 10 alasiri, ukali wa joto ukishapungua, zikaisha magharibi ikikaribia, na ratiba hiyo iliyo rehema kwa mchezaji ni taabu kwa kamera. Mpira uliopigwa kwa nguvu waweza kwenda mita 25 kwa sekunde. Nuru ikiwa maridhawa, kamera hufunguka kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mpira husogea sentimita mbili na nusu, basi hutoka pichani mviringo, na hata mshono wake huonekana. Nuru ikififia, kamera sharti ifumbue jicho kwa muda mrefu zaidi. Ikifika sehemu moja ya 250 mpira husogea sentimita 10, na kwa kuwa upana wake wote ni kama sentimita 22, karibu nusu ya mwili wake hugeuka moshi. Lenzi kubwa zinywazo nuru nyingi ndizo dawa ya maradhi haya, na bei yake yazidi bei ya pikipiki. Asiyeweza kuinunua hana budi kununua kwa akili alichonyimwa kwa mfuko: huuacha mpira uende zake, akatafuta uso, kwa maana uso wa mtu anayengoja penalti umetulia hata saa 12 jioni.

Sasa nije kwenye fedha, jambo ambalo wasifu sanaa aghalabu hulikwepa kana kwamba ni najisi. Studio za zamani zilikuwa na sudi ya kukaa mahali pamoja. A. C. Gomes huko Unguja katika karne ya 19, na Capital Art Studio iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1930, na Parekh kule Mombasa, wote walimngoja mteja aje kwa miguu yake, amekwisha vaa, amekwisha jipaka mafuta, amekwisha azimu kulipa. Mambo ya mpiga picha wa michezo ni kinyume: mteja wake anakimbia, hakumwita, hajui kama amepigwa picha, na fedha ameziacha nyumbani kwa kuwa bukta ya kuchezea haina mfuko.

Enzi za mkanda gharama ilionekana kwa macho, nayo ilifundisha adabu. Kampuni ya Kodak ilipoanza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa dola moja tu haikuwa imetoa sadaka. Faida yake ilikuwa katika mikanda ambayo kila mwenye kisanduku kile angerudi kuinunua maisha yake yote. Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36, na mechi ina dakika 90, kwa hiyo aliyekuwa na mkanda mmoja alijaliwa picha moja kwa kila dakika mbili na nusu, na ole wake aliyezimaliza kabla ya kona ya mwisho. Mwalimu wangu alizihesabu kwa kunong'ona kama mtu mwenye tasbihi, na hata alipohamia kamera za leo, ambazo hazina mkanda, midomo yake iliendelea kucheza.

Vijana husema kwamba siku hizi picha ni bure. Neno hilo limewafilisi wengi, kwa sababu gharama haikufa bali imejificha. Ndani ya kamera mna pazia dogo ambalo mafundi huliita shata, nalo lina umri wake. Katika kamera za kadiri yangu watengenezaji hulihesabia mara 100,000 au 200,000 hivi, kisha hufa. Yangu niliinunua mtumba kwa shilingi 1,500,000, nami nikaikadiria mara 150,000 za kufunguka. Basi kila mlio wake ni shilingi 10 iliyoanguka mchangani. Mechi moja hunila milio 1,500, yaani shilingi 15,000 kabla sijamlipa mtu yeyote. Bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000. Bando la kutuma sampuli kwa manahodha wa timu ni 3,000. Nikisafisha picha 20 kwa shilingi 500 kila moja ni 10,000. Jumla ni 34,000. Na picha 20 zikiuzwa zote kwa shilingi 1,000, jambo ambalo ni nadra, hupata 20,000. Nilizirudia hesabu hizo mara tatu nikitumaini nimekosea. Hasara ilikuwa 14,000 kwa kila Jumamosi ya furaha.

Kwa nini basi sikupandisha bei? Kwa haya. Niliona kwamba watu wanacheza kwa ridhaa, hawapati hata nauli, nami nikija na mkono ulionyoshwa nitakuwa nimeingiza soko katika ibada yao. Haya ya namna hiyo ina historia yenye aibu zaidi kuliko fedha zenyewe. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Wahindi Wekundu, alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na mwaka uliofuata akavuliwa zote kwa kuwa aliwahi kupokea ujira mdogo kwa kucheza besiboli. Watoto wake walikabidhiwa medali mwaka 1983, karibu miaka 30 tangu afe. Walioitunga kanuni ile walikuwa watu wenye uwezo, ambao kucheza bila malipo hakukuwapunguzia chakula, nao walidhani kwamba usafi wa moyo hupimwa kwa utupu wa mfuko. Nami, mtu wa mtaa wa Ngamiani nisiye na shamba wala duka, nilikuwa nimejivika kanzu yao bila kujua.

Dawa haikutoka katika kitabu cha biashara, ilitoka harusini. Kwetu mtu hatoi mchango baada ya kula pilau. Hutoa kabla, kidogo kidogo, kadi ikipita mkono kwa mkono, na wala haoni kwamba ameuziwa kitu. Palipotokea bonanza la timu nane, lenye zawadi ya mbuzi na mpira mmoja, nikaenda kwa kamati nikaomba kwamba kila mchezaji aongeze shilingi 500 juu ya kiingilio, nami nitapiga picha kutwa, kila mtu atapata zake katika simu bila kuombwa tena, na kila timu itapewa picha moja kubwa ya kutundika. Timu nane zenye wachezaji 15 ni watu 120, nao wakatoa 60,000. Gharama zangu siku hiyo, nikiihesabu shata iliyolia mara 2,000, nauli, bando na picha nane kubwa, zilifika 45,000. Zile 15,000 zilizosalia niliziweka katika kopo la maziwa, nikaliandika jina: lenzi. Kopo halijajaa.

Lakini faida iliyonistaajabisha haikuwamo katika kopo. Kabla ya hapo, kwa kuwa nilingoja mnunuzi, kamera yangu ilikuwa imejifunza upendeleo pasipo idhini yangu. Ilimfuata mfungaji, kwa kuwa mfungaji hununua, ikamsahau beki wa kushoto na golikipa aliyefungwa. Wote walipokwisha lipa, wote walikuwa na haki, na insafu hiyo ilinipeleka pembe za uwanja nisizozizoea. Kwenye benchi, yaani gogo la mnazi, alikuwapo mchezaji wa akiba ambaye hakuingizwa hata dakika moja katika mechi tatu. Nilimpiga picha akifunga kamba za viatu, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeitwa. Baadaye alinijia kwa siri akataka nakala tatu za karatasi, akalipa papo hapo, na ndiye mteja pekee ambaye hajawahi kuniomba nipunguze.

Wako wanaojitwalia picha bila kulipa, na sitawalaumu sana. Sampuli hutumwa na jina langu limepita katikati kwa wino mwepesi, na baadhi ya watu huitwaa hivyo hivyo, jina usoni, wakaiweka katika WhatsApp kwa muda wa miezi, wakinitangaza bila kunilipa na kujiharibu sura bila kushurutishwa.

Mwalimu wangu, yeye, hakupata kuwa na haya ya bei. Bei yake ilikuwa moja na ilijulikana. Katika fainali moja ya mtaa, jua limekwisha zama nyuma ya minazi, mpira uligonga mti wa goli ukaanguka mstarini au ndani yake, na mwamuzi akakataa. Palizuka rabsha, washindi walikuwa wamekwisha mfungua mbuzi. Usiku ule mfadhili wa walioshindwa alifika kwa mzee akatoa shilingi 50,000 apewe picha ile iwe ushahidi, na kabla hajaondoka akaingia mfadhili wa walioshinda, akaahidi 70,000 picha ifutwe. Mzee akawaambia kwamba kufuta hakuuzi, na ushahidi hauuzi. Yeye huuza picha, nayo ni shilingi 1,000. Akawasafishia nakala mbili. Nami nilikuwapo, nikashika taa nikaitazama: vumbi, mstari wa majivu uliofutika kwa nyayo, na mpira uliokuwa nusu mviringo nusu moshi, sentimita 10 za shaka ambazo hakuna lenzi ya mfuko wetu ingeweza kuziondoa. Kila mmoja aliitazama nakala yake kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaona kwamba imethibitisha neno lake. Mmoja alitoa noti ya elfu kumi. Mzee akampekulia elfu tisa za chenji, noti kuukuu kuukuu, akazihesabu mara mbili.