Alama za Hisabati na Mpangilio wa Usemi wa Kiswahili

Aghalabu hudaiwa kwamba alama za hisabati hazina lugha: kwamba √ au % ni ile ile Isiolo na London, na kwa hiyo mwanaisimu hana la kuzifanyia. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa kutazama jinsi alama hizo zinavyopangwa katika programu za kompyuta za kuandikia nyaraka.

Kwa jicho, dai hilo lina ukweli. Lakini programu nyingi hazichori alama kwa jicho. Hupewa maelezo ya muundo wake. Katika mfumo wa TeX, alioanza kuutunga Donald Knuth mwaka 1977, mwandishi hutaja kwa amri kwamba anataka sehemu, na hutoa kiasi kabla ya asili. Katika OpenOffice, robo tatu huandikwa kwa amri «3 over 4», ambayo ni Kiingereza kitupu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Amri hiyo hutanguliza kiasi. Kiswahili hutanguliza asili: robo tatu, theluthi mbili. Vivyo hivyo husemwa asilimia ishirini, ilhali huandikwa 20%. Msomaji huruka tarakimu, hutaja alama, kisha hurudi nyuma. Hii si kasoro ya Kiswahili bali ni sarufi yake: nomino hutangulia na idadi hufuata, kama katika watoto watatu.

Uzito wa jambo hili waonekana mahali kama Wabera, kata ya mji wa Isiolo yenye jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Katika mji huo Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru hukutana kwa Kiswahili, lakini hisabati shuleni hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anayepiga chapa mtihani bila kuzijua amri aweza kuandika 103 alipokusudia 10³, na elfu moja ikawa mia moja na tatu. Akibandika picha ya alama, ataiona yeye, lakini programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona haitapata humo muundo wa kutamka.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, lugha ya amri za fomula ilibaki ya Kiingereza. Yaweza kujibiwa kwamba amri ni msimbo, na kwamba zikitafsiriwa, hati ya Dar es Salaam haitafunguka sawasawa Nairobi. Jibu hilo ni la haki. Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma, na huko tafsiri ya neno kwa neno haifai.

Istilahi za kiasi, asili na kipeuo hazitoshi bila kanuni za kuzipanga katika usemi. Kanuni hizo hazina budi kutofautisha: a/b yaweza kusomwa «a juu ya b», kwa kuwa haina jina jingine, ¾ inalo. Wanaisimu wasipoziweka, mashine itasoma «tatu juu ya nne», na robo tatu anayoijua mtoto kutoka sokoni itakuwa ngeni kwake darasani.