Besi ya Kasulu na Uhakiki Nilioukosea

Miaka kadhaa iliyopita niliandika gazetini kwamba "Georgina" ya Marijani Rajab ni wimbo wenye sauti nzuri na maneno machache mno. Nilisema kijana anaita jina la msichana, analiita tena, basi. Nilitafuta tamathali za usemi, nikaona hazinitoshi, nikatoa hukumu. Mhariri hakugusa hata koma. Leo naifuta hukumu ile, na aliyenisukuma kuifuta ni gitaa la besi bovu nililolinunua Kasulu kwa shilingi 150,000.

Nilikuwa nimekwenda Kasulu kikazi. Kwaya moja ilikuwa imepata vyombo vipya, inauza vya zamani. Mwalimu wao, mzee wa makamo, akalitoa nyuma ya kabati likiwa limeviringishwa kwenye kitenge. Rangi imebanduka. Uzi mwembamba kuliko wote haupo. Tundu la kuchomekea waya linacheza, na shingo imepinda hadi ukilitazama kwa ubavu unaona upinde wa kuwindia. "Mwanangu, nisikudanganye," akaniambia, "hili linapiga likitaka." Nilimpenda kwa ukweli ule, nikalipa. Njia nzima kurudi Kibondo nililipakata kama mtoto mgonjwa.

Sasa niseme kidogo kuhusu ufundi, maana bila huo hoja yangu haina miguu. Besi ya umeme kwa umbo tunalolijua ilianza kushika kasi mwaka 1951, Leo Fender alipoingiza sokoni Precision Bass huko Marekani. Ina nyuzi nne nene, na sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa inchi 34. Nyuzi ndefu na nene hivyo huivuta shingo usiku na mchana, ndiyo maana ndani ya shingo huwekwa fimbo ya chuma ya kushindana nazo. Fimbo ya gitaa langu ilikuwa imelegea. Niliazima kifunguo cha pembe sita kwa fundi pikipiki, nikakaza robo mzunguko, nikaliacha lilale. Kesho yake nikapima, nikaongeza kidogo. Ukikaza kwa pupa unaharibu kila kitu. Kazi ile ilinichukua siku nne.

Tundu la waya nililipeleka kwa fundi redio hapa Kibondo. Alikwangua kutu, akagusisha lehemu, dakika kumi kazi imekwisha. Nyuzi tatu zilizobaki nilizichemsha kwenye sufuria, kwa sababu jasho na uchafu wa vidole hujaa kwenye mikunjo ya uzi na kuua mlio. Maji ya moto huurudisha kwa muda. Mama alifunua sufuria akitegemea maharage. Sitasimulia alichosema. Uzi wa nne niliagizia mjini. Amplifaya sina, kwa hiyo nachomeka kwenye sabufa ya sebuleni, sauti ya chini kabisa, maana sabufa haikuumbwa kwa mateso hayo.

Siku ya kwanza lilipoitika, nikafungua "Georgina" kwenye simu ili niifuate. Hapo ndipo aibu ilipoanzia.

Mimi nilipiga kila mahali. Kila palipokuwa na pengo nilitia sauti, kama mwandishi mchanga anayeogopa nafasi nyeupe kwenye ukurasa. Wimbo ukawa mzito, haupumui. Kumbe wapiga besi wa dansi letu hawajazi. Wanagusa sauti mbili tatu, wanaacha, wanarudi pale ambapo sikio lilishaanza kuwatafuta. Ilibidi nijifunze kunyamaza, na kunyamaza kwa wakati ni kugumu kuliko kupiga. Nilipoanza kupata kidogo, nikasikia jambo ambalo macho yangu hayakuliona kwenye karatasi: jina likiitwa mara ya tatu si jina lile la mara ya kwanza. Herufi ni zilezile, lakini vidole vyangu vimeshahama, na sakafu ambayo jina lilisimama juu yake imehama pamoja navyo. Kule linaita, huku linaomba. Nilichokiita urudiaji kilikuwa ni mwendo.

Kosa hili si langu peke yangu. Tazama tunavyohakiki nyimbo za dansi. Tunanakili maneno, tunayapanga beti, tunachambua dhamira, ujumbe na falsafa, tunamaliza. Lakini wanamuziki wenyewe waliugawa wimbo sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, yenye kisa, ya pili ni chemko, ambapo mwendo unabadilika, magitaa yanajibizana na watu wanaamka vitini. Kwenye chemko maneno hupungua, na mhakiki hufunga daftari. Yaani tunahukumu tamthilia tukiwa tumetoka ukumbini kabla ya pazia kushuka. Mlimani Park walichukua jina la mtindo wao, Sikinde, kutoka ngoma ya Wazaramo. Jina lenyewe limetuambia pa kutazama, sisi tunaendelea kutazama maneno tu.

Cha ajabu, somo hili lilitoka mkoani kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, akashikilia kwamba shairi lazima liimbike. Miaka 20 baadaye Kezilahabi alitoa Kichomi, na ugomvi wa vina na mizani ukapamba moto. Tumesoma ugomvi ule shuleni hadi tukauchoka. Lakini pande zote mbili tulizifundishwa kwa kuhesabu silabi ubaoni. Mwalimu alihesabu nane kwa nane, hakuna aliyeimba. Sikuwahi kuuliza mizani inakaa wapi mwilini. Inakaa kwenye kidole kinachosubiri.

Na ukitaka ushahidi wa zamani kuliko umeme, sogea mpakani. Hapa juu tuna inanga, ubao wenye uvungu na uzi unaopitishwa huku na huku, chombo tunachoshirikiana na jirani zetu Warundi. Kwa Warundi upo uimbaji wa kunong'ona: mwimbaji hatoi sauti ya kupanda na kushuka, ananong'ona tu, na inanga ndiyo inayobeba kupanda na kushuka kule. Sikio linaunganisha viwili hivyo, linasikia mtu anaimba. Sasa niambie, mhakiki anayenakili maneno peke yake atapeleka nini nyumbani? Mnong'ono.

Najua pingamizi. Blogu hii ni ya fasihi, na fasihi ni lugha; tukianza kusifia nyuzi, kila mtunzi mvivu atajificha nyuma ya ala. Hofu hiyo ina haki. Wapo wanaoimba upuuzi juu ya mdundo mtamu, na mdundo hauwatakasi. Ninachodai ni kidogo: neno lihukumiwe pale lilipowekwa. Likiwa dhaifu hata ala zikiwa chini yake, liambiwe hivyo. Lakini usilitoe majini kisha ulilaumu kwa kushindwa kuogelea. Mimi nilifanya hivyo, tena kwa kujiamini.

Lipo pia suala la majina. Wapenzi wa Msondo watakutajia Suleiman Mwanyiro wa besi bila kufikiri, lakini kwenye maandishi yetu mpiga besi hana jina; yumo ndani ya "wenzake". Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika kwenye "Leka Dutigite", sisi waandishi tulihesabu waimbaji kwa fahari. Sikumbuki yeyote kati yetu aliyeuliza chini ya sauti zile amekaa nani, hata kama ni kijana na kompyuta yake. Mimi sikuuliza. Asiyeandikwa leo hatahakikiwa kesho, na mjukuu wake atadhani babu alikuwa anashikilia gitaa tu.

Basi nauandika upya uhakiki wangu, kwa sentensi moja: "Georgina" ina maneno machache kwa sababu kazi iliyobaki imegawiwa wengine, na wengine hao wanaifanya.

Gitaa bado lina kasoro. Kwenye freti ya saba uzi mnene unakoroma, na fundi redio anasema hilo si la kwake. Nimejifunza kuipita sauti hiyo kimya. Juzi mwalimu wa kwaya alinipigia simu kutoka Kasulu kuuliza kama mgonjwa amepona. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Linapiga likitaka." Akacheka sana. Kisha akaniomba nimpigie kidogo kwenye simu, asikie. Sabufa ikaunguruma, mama akafunga mlango wa jikoni, na upande wa pili mzee akaanza kuimba polepole, akiniachia mapengo.