Msamaria wa Van Gogh na Neno Moja la Kiunguja

Mwezi wa Mei 1890, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, Vincent van Gogh alichora kwa rangi za mafuta mfano wa Msamaria Mwema. Umbo alilipata kwa Delacroix, kwa njia ya picha ya chapa isiyokuwa na rangi. Rangi na mikokoto ya brashi iliyopindapinda ni yake mwenyewe. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Kröller-Müller, Uholanzi.

Msomaji wa Injili kwa Kiswahili, ambacho Askofu Edward Steere alikifanyia kazi kubwa ya tafsiri huko Unguja, hulipita tendo hili upesi. Kazi ya -ka- ni kuyafululiza matendo, moja likilisukuma jingine, hata neno "akampandisha" halichukui ila pumzi moja. Van Gogh amelisimamisha neno hilo katikati. Mgongo wa Msamaria umepinda kwa uzito, majeruhi amemng'ang'ania, na mnyama angali akingoja. Wawili hao wameshikamana wakawa umbo moja, kama vile mtenda na mtendwa, a- na -m-, wakaavyo ndani ya kitenzi kimoja.

Lakini sarufi haichagui wema: "akamuuza" limejengwa vivyo hivyo. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1873, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Uwanjani pake pana ukumbusho uliofanywa na Clara Sörnäs 1998: watu watano shimoni, minyororo shingoni. Hakuna awainuaye. Mtazamaji husimama ukingoni juu yao, kisha huenda zake, mfano wa kuhani na Mlawi ambao Van Gogh amewachora wadogo, mbali njiani, wamekwisha pita.

Picha hii yaweza kulaumiwa kwamba milima imepigwa brashi kwa nguvu ile ile ya miili, hata jicho likakosa pa kupumzikia. Lakini kukosa raha huko ndiko kumzuiako mtazamaji asipite naye. Mwenye kuisoma sura hiyo kwa sauti mbele ya watu, Mkunazini au penginepo, yafaa atue kidogo katika "akampandisha", ili uzito wake usikike.