Jicho Lisiloonekana: Kamera, Tabia na Shaka katika Picha za Masasi na Newala za Mwaka 1906

Imezoeleka kuichukulia picha ya kamera kuwa shahidi asiye na upande. Mwandishi asimuliapo habari, msomaji huuliza ni nani asemaye. Lakini picha iwekwapo mbele yake, mara nyingi husahau kuuliza ni nani aliyetazama. Hata hivyo picha nayo ni usemi. Ina mahali iliposimama, ina kilichoachwa nje ya ukingo wake, na ina maneno yaliyoandikwa chini yake ili kumwongoza mtazamaji. Katika tamthilia ya sinema au ya televisheni jambo hili ni wazi kwa kila mhakiki: kamera humjenga mhusika kabla hajafumbua kinywa, na humfundisha mtazamaji amwamini nani na amshuku nani. Makala haya yanalitia kanuni hiyo katika maandishi yasiyodai kuwa ni tamthilia, yaani kitabu cha safari cha Karl Weule, kilichotokana na kazi yake katika Masasi, Newala na uwanda wa juu wa Makonde mwaka 1906. Hoja yenyewe ni hii: shaka ambayo kitabu kinaiona katika nyuso za watu ilianza upande wa pili wa kioo cha kamera.

Weule alikuwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la elimu ya makabila katika mji wa Leipzig. Alipokuja Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, azma yake ya kwanza ilikuwa kwenda upande wa Kondoa Irangi; machafuko yakamzuia, akaelekezwa kusini kwa njia ya Lindi. Mwezi wa Julai alikuwa Masasi. Kisha akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao. Baadaye akapanda Newala na Mahuta. Wapagazi wake walibeba kamera za picha, kamera ya sinema yenye kuzungushwa kwa mkono, na fonografu ya kunasa sauti katika nta. Habari za safari hiyo alizipanga kwa namna ya barua, na kitabu chake kwa wasomaji wa kawaida kikatoka Leipzig mwaka 1908. Mwaka uliofuata kilitolewa London kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Alice Werner, ambaye wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha za Kibantu wanamfahamu vema kwa kazi zake mwenyewe.

Wakati wa safari hiyo si jambo la kupitwa juu juu. Masasi palikuwa na kituo cha misheni tangu mwaka 1876, kilipoanzishwa na Askofu Edward Steere, yule yule mwenye sifa kubwa katika elimu ya Kiswahili. Mwezi wa Agosti 1905 kituo hicho kilichomwa moto katika vita vya Majimaji. Weule alifika kabla mwaka mmoja haujatimia tangu moto ule, na katika nchi ya kusini vita havikukoma kabisa mpaka mwaka 1907. Alisafiri akilindwa na askari wenye bunduki. Kwa hiyo mwanakijiji aliyeona msafara unakuja hakuwa na njia ya kutenganisha chombo cha picha na silaha zilizotangulia mbele yake. Vyote vilikuja kwa njia moja, siku moja, kwa amri ya mtu mmoja.

Sasa yafaa kutazama jinsi picha zenyewe zinavyofanya kazi. Kamera imesimama juu ya miguu mitatu, mbele ya mtu aliyeagizwa asimame. Nyuma yake pana ukuta wa nyumba, au ua wa boma, au kiwanja kitupu. Mara nyingi mtu huyo hatendi neno: hatwangi, halimi, hasemi na mwenziwe. Amekatwa kutoka katika shughuli zake, amebaki na uso, chale na ndonya. Maneno yaliyowekwa chini ya picha yanakamilisha kazi hiyo. Wakuu kama Matola na Nakaam wametajwa kwa majina. Wanawake wengi wametajwa kwa kabila na mahali tu, kuwa ni Mmakua wa Newala au Wamakonde wa Mahuta. Hapa ndipo tabia inapopotea. Mtu mwenye jina anaweza kuwa mkali, mpole, mcheshi au mwenye hila. Mtu aliyepewa jina la kabila peke yake hawezi kuwa na tabia, kwa kuwa amewekwa kuwa mfano wa wengine wote.

Uso wa mtu wa namna hiyo husomwaje? Aliyesimamishwa juani, mbele ya mgeni ambaye lugha yake haijui na askari ambaye kazi yake anaijua mno, hukaza uso. Huo ni mwenendo wa mtu ye yote mwenye akili. Lakini mtazamaji wa Leipzig hakuonyeshwa askari, wala mgeni, wala jua. Alionyeshwa uso uliokazwa, basi. Alilazimika kuutafutia sababu ndani ya mwenye uso, na sababu iliyokuwa karibu ni ile ambayo maandishi ya nyakati zile yalikuwa tayari kuitoa: kwamba watu hawa wana haya, wana woga, au hawaaminiki. Hivyo jambo lililokuwa baina ya watu wawili likageuzwa kuwa tabia ya mmoja.

Kitabu chenyewe, kwa bahati njema, kinatoa ushahidi dhidi ya picha zake. Weule anaeleza tena na tena ilivyokuwa shida kuwapata wanawake mbele ya kamera, na jinsi zawadi ndogondogo na sauti za wakubwa zilivyohitajika. Mwanamke aliyekimbia hakuacha picha. Ameacha alama katika maneno tu. Msomaji akiziweka sentensi hizo kando ya picha, atagundua kuwa kila uso uliochapishwa una nyuso nyingine nyuma yake zilizokataa. Kukataa huko kwa mwandishi ni kikwazo cha kazi. Kwa mhakiki ndiko kauli kubwa kuliko zote iliyotoka katika vijiji vile, na imesikika kwa kuwa mwandishi alikuwa mkweli kiasi cha kulalamika.

Mfano wa Sulila wathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Sulila alikuwa malenga kipofu aliyemwimbia Weule huko Masasi, naye amepewa jina lake chini ya picha. Alipoimba mbele ya fonografu, alitikisa kichwa kwa kufuata wimbo, na sauti ikatoka nje ya tarumbeta ya chombo. Ikambidi Weule amshike kichwa ili kinywa chake kibaki pale kilipotakiwa. Habari hii husimuliwa kwa mzaha, nayo inachekesha kweli. Lakini ndani yake mna kanuni nzima ya zana zile. Chombo hakikuweza kumfuata malenga, basi malenga akafanywa akifuate chombo. Kutikisa kichwa, ambako kwa mwimbaji ni sehemu ya uimbaji, kwa chombo kulikuwa kosa. Ndivyo ilivyokuwa na kamera ya sinema pia: ngoma huenda kwa duara na kuzunguka, na jicho lililofungwa juu ya miguu mitatu hukamata mgongo mmoja baada ya mwingine, wanaoingia na kutoka ukingoni, bila kuona mahali ambapo ngoma hutawaliwa.

Ili kuipima hoja hii, yafaa kuitazama kazi ya mbali nayo, ambamo shaka ndiyo maudhui iliyokusudiwa tangu mwanzo. Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Battlestar Galactica, iliyoongozwa katika uandishi wake na Ronald D. Moore na kuonyeshwa baina ya miaka 2003 na 2009, ni hadithi ya kisayansi ya kubuni juu ya mabaki ya wanadamu wanaokimbia katika anga, wakifuatwa na mashine walizoziunda wenyewe. Baadhi ya mashine hizo zina sura ya binadamu kamili, hata hapana awezaye kuzitambua kwa macho. Katika tamthilia hiyo kamera hushikwa mkononi. Hutetema, huchelewa, humkosa asemaye na kumtafuta. Hata katika vita vya vyombo vya anga hukipoteza chombo na kukiwinda tena. Mtazamaji hujulishwa kila dakika kwamba kuna mtu anayetazama, na kwamba mtu huyo hajui yote.

Faida ya ufundi huo huonekana katika wahusika. Sharon Valerii, rubani, ni mmoja wa mashine zile bila yeye mwenyewe kujua. Kamera humkaribia uso, lakini ukaribu huo hauleti hukumu, kwa kuwa uso wake ni mkweli. Anayojificha ni mambo yaliyofichwa kwake pia. Mhusika mwingine, Gaius Baltar, huzungumza na mwanamke ambaye yeye peke yake humwona: kamera ikisimama upande wa Baltar mwanamke yupo, ikihamia upande wa wengine hayupo. Mtazamaji hujifunza kwamba kilichomo katika picha chategemea imechukuliwa kutoka kwa nani. Shaka haikuwekwa juu ya uso wa mshukiwa. Imewekwa juu ya kuona kwenyewe, na kwa hiyo mshukiwa amebakiziwa utu wake.

Mtu anaweza kuuliza kama ni haki kuzilinganisha picha za mwaka 1906 na mchezo wa kubuni uliotengenezwa karne nzima baadaye. Jibu ni kwamba hazilinganishwi kwa ustadi. Uzito wa kamera za zamani uliilazimisha miguu mitatu, na hapana lawama kwa hilo. Lakini hapana uzito wa chombo uliomlazimisha mtu kuandika kabila mahali pa jina, wala kuwaacha askari nje ya ukingo. Hayo yalikuwa uchaguzi. Tena, ilivyo ajabu, hadithi ya kubuni ndiyo iliyokiri kuwa jicho lake lina mipaka, na taarifa ya kitaalamu ndiyo iliyonyamaza.

Wala haifai kudhani kuwa watu wa uwanda wa Makonde walihitaji kungoja televisheni ili waijue elimu hii. Walikuwa nayo katika midimu, ngoma ya vinyago ambayo ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, huitwa mapiko. Mchezaji huvaa kinyago, mwili wake hufunikwa, na wasioingizwa jandoni hawapaswi kumjua. Yeye huwaona wote, wao hawamwoni. Hapo pana shaka, pana hofu, na pana kicheko, lakini vyote vina taratibu zake: wakati wake ni wa unyago, uwanja wake unajulikana, na kila mtu anajua kwamba uso ulio mbele yake si uso. Mtazamaji amekubali kutojua. Weule alizipiga picha ngoma za namna hiyo, akakusanya na vinyago. Kwa mtazamo wa mwenyeji, siku ile vilikutana vinyago viwili. Kimoja kilichongwa kwa mti na kilikuwa na sheria. Cha pili kilikuwa cha kioo, kikiona bila kuonwa, na sheria yake haikuambiwa mtu.

Yafaa sasa kumpa Weule haki yake. Hakuridhika na kamera peke yake. Aliwapa wenyeji na watu wa msafara wake penseli na karatasi wachore wapendavyo, akaichapa michoro hiyo kitabuni. Miongoni mwake umo unaomwonyesha yeye mwenyewe, Bwana Pufesa, uliochorwa na mmoja wa waliomsindikiza. Mchoro huo mdogo una thamani kuliko picha nyingi zinazouzunguka. Ndani yake mtazamaji ametazamwa. Amepewa jina kama alivyolitamka mwenyeji, amepewa umbo kama alivyoonekana, na kwa mara moja kitabu kinakiri kwamba katika Newala na Masasi macho yalikuwa pande mbili. Mwandishi aliyekuwa na kiburi tupu asingeuchapa. Upungufu wake ni kwamba aliuchukulia kuwa kielelezo cha uchoraji wa Waafrika, asiuone kuwa ni uhakiki.

Jambo hili lina uzito leo. Picha za safari ile hazikubaki katika kitabu cha zamani. Huchapwa upya, huonyeshwa, na hutumiwa kuwafundisha vijana wa kusini jinsi wazee wao walivyokuwa. Kijana wa Newala anayemwona bibi wa bibi yake amekaza uso, na chini yake pameandikwa kabila tu, hurithishwa shaka isiyokuwa ya bibi huyo. Atadhani alikuwa mtu wa hasira au wa woga, hali yeye alikuwa mtu aliyesimamishwa juani mwaka mmoja baada ya vita.

Kazi ya wahariri na wenye majumba ya makumbusho ni nyepesi kusema, japo si nyepesi kutenda. Chini ya kila picha yaandikwe nani aliyepiga, mwezi gani, kijiji gani, na nani waliosimama nyuma ya kamera. Jina la aliyepigwa, likijulikana kwa wazee wa mahali, lirudishwe. Na palipo nafasi, mchoro wa Bwana Pufesa uwekwe ukurasa wa mbele wa picha hizo, ili msomaji akutane kwanza na yule aliyekuwa akitazama.