Blanketi la Ramanujan

Nilipostaafu mwaka 2010, binti yangu aliniletea zawadi ya kitabu kinene cha Kiingereza. Alijua kwamba baba yake, kabla ya kuzongwa na mafaili ya ukuu wa chuo cha ualimu, alikuwa mwalimu wa hisabati aliyependa kazi yake. Kitabu chenyewe ni The Man Who Knew Infinity, cha Mmarekani Robert Kanigel, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kinaeleza maisha ya mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan. Nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja: penye habari ya blanketi. Kisa chenyewe ni kifupi, na mwandishi anakipita haraka. Mimi nimeshindwa kukipita.

Kwa msomaji asiyekijua kitabu hiki, habari yake ni hivi. Ramanujan alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa India, akakulia katika mji wa Kumbakonam. Alianguka mitihani ya chuo kwa sababu aliyatupa masomo mengine yote akashikilia hisabati peke yake. Mwaka 1912 alipata ukarani katika bandari ya Madras, mshahara rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy wa Trinity College, Cambridge, akiambatanisha kurasa za kanuni za hisabati zisizokuwa na uthibitisho. Hardy alitambua kwamba mwandishi wa kurasa zile si mtu wa kawaida. Mipango ikafanywa, fedha zikapatikana, na Aprili 1914 karani yule akateremka melini Uingereza akiwa na umri wa miaka 26.

Kanigel anastahili sifa nyingi. Hakuridhika kukaa maktaba. Alikwenda India, na anapoeleza Kumbakonam, mahekalu yake na mto wake, msomaji huona kwamba mtu huyu ameyakanyaga matope anayoyasimulia. Tena haogopi hisabati. Anaeleza, kwa mfano, habari ya njia za kuigawa namba. Namba 4 ina njia tano: 4 yenyewe, 3 na 1, 2 na 2, 2 na 1 na 1, na 1 mara nne. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzihesabu. Lakini namba 200 ina njia 3,972,999,029,388, na hizo hakuna wa kuzihesabu kwa vidole. Kanuni ya kuzikadiria waliipata Hardy na Ramanujan, wakaichapisha mwaka 1918. Kanigel anaieleza safari ya kuifikia kanuni hiyo kwa namna ambayo hata mtu aliyeikimbia hesabu akiwa shule ya msingi ataifuata. Kwa hilo pekee ningewashauri walimu wakitafute kitabu hiki.

Sasa tuje kwenye mapokezi. Ramanujan hakupokelewa vibaya. Mwalimu mmoja kijana wa Trinity, E. H. Neville, alimpokea alipowasili, kisha yeye na mkewe wakamkaribisha nyumbani kwao Cambridge. Alikaa kwao majuma kadhaa, akizoea viatu na hali ya hewa. Mwezi Juni akahamia chumba chake mwenyewe chuoni, mwendo wa dakika chache kutoka kwa Hardy. Kazi ikaanza. Mwezi Agosti vita vikuu vya kwanza vikalipuka, wengi wakaondoka, chuo kikawa kimya. Ramanujan hakula nyama kwa sababu ya dini yake, kwa hiyo hakula na wenzake ukumbini. Alijipikia peke yake chumbani.

Baridi ilipoingia, mwanafunzi mwenzake kutoka India, P. C. Mahalanobis, alimtembelea. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mwanatakwimu mashuhuri wa nchi yake. Alimwuliza Ramanujan kama usiku anapata joto. Ramanujan akajibu kwamba baridi inamtesa, analala na koti lake zito na kujifunika shali juu yake. Mahalanobis akaingia chumba cha kulala kutazama. Blanketi zilikuwapo kitandani, tena za kutosha, zimekunjiwa chini ya godoro kwa ustadi kama ilivyo desturi ya Waingereza, na juu yake pametandazwa kitambaa cha kitanda. Ramanujan hakujua kwamba blanketi zile hufunuliwa, mtu akaingia kati. Alikuwa akilala juu yake, amejifunika kile kitambaa. Mwenzake akamwonyesha.

Kanigel anakisimulia kisa hiki kuwa mfano wa ugeni wa Ramanujan. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Katika kitabu chote upweke wa Ramanujan unaelezwa kwa mambo mawili: tabia za watu na tofauti za mila. Hardy alikuwa mtu aliyejifunga, Waingereza ni wagumu kufunguka, Ramanujan naye alikuwa na haya. Yote ni kweli. Lakini mtu aliyeongoza chuo akisoma hivyo huuliza swali jingine: kazi ya kufunua lile blanketi ilikuwa ya nani? Ukiuliza hivyo utaona kwamba haikuwa ya mtu yeyote. Neville alitimiza wajibu wake wa mwenyeji katika miezi ya joto, na wakati huo blanketi halikuhitajika. Hardy alitimiza wajibu wake wa hisabati. Katikati ya wajibu hizo mbili palikuwa na uwazi, na mgeni akaanguka humo.

Wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeizoea methali hii kuwa ya kumkumbusha mgeni asitegee kazi. Lakini kijijini kwetu anayepewa jembe huonyeshwa na shamba: mpaka uko wapi, maji yapo wapi, nyoka wako upande gani. Cambridge ilimpa Ramanujan jembe bora kuliko yote duniani. Shamba akaachiwa alitambue mwenyewe.

Tena kazi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililowafumba watu macho. Hardy mwenyewe alieleza baadaye kwamba Ramanujan alikuwa akimwonyesha kanuni mpya karibu nusu dazeni kila siku, hata ikaonekana upuuzi kumsumbua kwa kumwuliza aliifikiaje hii au ile ya zamani. Ikiwa hakumwuliza hata habari ya hisabati yake, angemwulizaje habari ya usingizi? Machi 1916 Ramanujan akapewa shahada kwa utafiti wake. Mwaka 1917 akaugua. Mapema mwaka 1918 alijitupa kwenye reli ya treni ya chini ya ardhi jijini London, akaokoka, na Hardy akaenda kumnusuru mikononi mwa polisi. Mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, kisha mwanajopo wa Trinity. Mwaka 1919 akarudi India, na Aprili 1920 akafariki akiwa na umri wa miaka 32.

Sisemi kwamba blanketi ndilo lililomuua. Madaktari wake walidhani ni kifua kikuu, na mwaka 1994 mtafiti D. A. B. Young alitoa hoja kwamba huenda ulikuwa ugonjwa wa ini utokanao na amiba, ambao angekuwa aliuchukua kwao. Ninachosema ni kwamba idara inaweza kujivunia kazi ya mwanafunzi wake huku haijui analalaje.

Kuna filamu pia, yenye jina lilelile, ya mwaka 2015. Niliitazama na mjukuu wangu. Imetengenezwa vizuri, lakini ndani yake Ramanujan anaumizwa zaidi na watu wanaomdharau waziwazi. Dharau ilikuwapo, sikatai. Ila filamu inampa mtazamaji faraja ya kudhani kwamba penye watu wema mgeni hataumia. Kitabu kina ukweli mchungu zaidi: Ramanujan alizungukwa na watu waliomtakia mema.

Msomaji ataniwia radhi nikitoka kidogo kwenye kitabu, maana nisipotoka hataelewa kwa nini mzee wa miaka zaidi ya sabini anashughulishwa na kitanda cha mwaka 1914.

Mwaka 2001 nilikuwa na mkufunzi kijana wa hisabati chuoni kwangu, hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nilimpigania apate nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja. Siku ya kuondoka tulimfanyia karamu ndogo, tukampa sanduku la nguo na hotuba. Baada ya miezi mitano alirudi na sanduku lilelile. Nilimwita ofisini nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Nimeshindwa, Mkuu." Sikuuliza la pili. Nilifungua faili lake nikaandika kwa mkono wangu: Hakumudu masomo ya uzamili, asipendekezwe tena. Mwaka uliofuata aliacha kazi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshastaafu na kukisoma kitabu cha Kanigel, niliingia duka la vifaa vya ujenzi nikamkuta yeye ndiye mwenye duka. "Shikamoo, Mkuu." "Marahaba, mwalimu." Akanipa kiti na soda. Nikakusanya moyo nikamwuliza lile swali la pili.

Alinieleza bila uchungu. Idara ilimpokea vizuri. Siku ya kwanza alitembezwa maktaba, akapewa ratiba na ufunguo wa meza yake. Msimamizi wake alimwambia, "Mlango wangu uko wazi." Yeye, aliyelelewa kwamba mkubwa hafuatwi mpaka aite, akangoja kuitwa. Profesa naye akangoja kugongewa. Wakangojana miezi mitano. Kila Alhamisi kulikuwa na semina. Mhadhiri akiandika ubaoni, wenzake walitikisa vichwa kwa kuelewa, na yeye alikuwa ameshapotea mstari wa pili. Akaamini kwamba ni yeye peke yake aliyeingia pale kwa makosa.

"Lakini Mkuu," akasema, "juzijuzi nilikutana na mmoja wa wale wenzangu. Ananiambia naye alikuwa akipotea mstari wa pili. Nikamwuliza, sasa mbona ulikuwa ukitikisa kichwa? Akasema, nilikuona wewe unatikisa."

Hapo nililielewa lile blanketi. Hisabati ya ngazi ya juu ina hali hii kuliko masomo mengi: karibu kila mtu aliyemo kwenye semina amepotea, na karibu kila mtu anadhani amepotea peke yake. Mwenye uzoefu wa miaka ishirini anajua kwamba kupotea ndiyo kazi yenyewe, na kwamba ukishika robo ya mhadhara umevuna. Anajua pia kwamba mlango uliosemwa uko wazi hugongwa bila woga. Mambo hayo kwake yamekunjiwa chini ya godoro muda mrefu mno, hata hayaoni. Mgeni analala juu yake akitetemeka.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na mkuu yeyote wa idara ya hisabati, ningemwambia alisome sura za Cambridge katika kitabu cha Kanigel kama ripoti ya ukaguzi. Atambue mambo matatu. Kwanza, aliyeligundua tatizo alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyetangulia kidogo kuizoea nchi. Profesa alikuwa juu mno, na mtu kama huyo ndiye wa kumkabidhi mgeni. Pili, hakumwuliza "Unaendeleaje?", swali ambalo jibu lake kwetu ni "Salama" hata nyumba ikiungua. Alimwuliza jambo dogo lenye jibu la kweli: usiku unapata joto? Kisha akaingia chumbani kutazama. Tatu, aliuliza baridi ilipofika. Karamu ya kuwakaribisha wageni hufanywa juma la kwanza, wakati kila mtu ana nguvu. Juma la kumi, zoezi la kwanza limerudi na alama za aibu na fedha ya kujikimu haijafika, hakuna karamu. Aulizwe wakati huo.

Hayo Kanigel hakuyasema. Pengine haikuwa kazi yake. Alikuwa akiandika juu ya kipaji adimu, na jua la kipaji kikubwa hufanya kila kitu kingine kuwa kivuli. Wanafunzi wengi wanaoingia idara za hisabati si Ramanujan. Wakianguka, hakuna atakayeandika kitabu juu yao. Kuna faili tu, na mtu kama mimi mwenye kalamu.

Nilimwambia yule mwalimu kuhusu ile sentensi niliyoiandika. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akafuta kaunta kwa kitambaa, akasema, "Hayo yamepita, Mkuu. Misumari ulisema ya inchi tatu au nne?"

Safari iliyofuata nilimpelekea kitabu. Nilipopita majuzi kilikuwa bado pale dukani, chini ya daftari la risiti, kimewekewa alama kwa kipande cha mfuko wa saruji. Sikuuliza amefika wapi. Nilimwuliza kama duka hilo usiku analala mlinzi au analala yeye mwenyewe. Akavuta kiti, akanieleza kwa kirefu.