Ghorofa, Etaje na Sakafu: Tunapimaje Majengo Marefu ya Goma?

Wengi wanaoandika juu ya mji wa Goma hupima maendeleo yake kwa urefu wa majengo. Hoteli kubwa kama Ihusi na Serena, pamoja na maghorofa ya biashara ya katikati ya mji, hutajwa kuwa ushahidi kwamba mji umeinuka. Uhakiki huu unapinga kipimo hicho, na hoja zake za kwanza zatoka katika lugha yenyewe.

Neno ghorofa latokana na Kiarabu ghurfa, yaani chumba. Sakafu nalo latokana na saqf, ambalo kwa Kiarabu ni paa au dari. Maana imegeuka: kilichokuwa juu ya kichwa kimekuwa chini ya miguu. Mageuzi haya yanaeleweka tukizifikiria nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ambamo dari ya aliye chini ndiyo akanyagayo aliye juu. Sisi wa Goma husema etaje, kutoka Kifaransa, na pamoja na neno tumepokea hesabu yake: etaje ya kwanza ni ile iliyo juu ya vyumba vya ardhini. Aliyezoea hesabu ya Kimarekani huanzia ardhini penyewe.

Lakini ardhi ni ipi? Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika takriban asilimia 13 ya Goma. Baadhi ya nyumba za ghorofa zilijaa mawe chini, na sehemu ya juu ikawa sawa na barabara mpya. Nyumba ya namna hiyo ina ghorofa ngapi? Apitaye njiani ataona moja. Ajuaye msingi atahesabu mbili. Hapo sakafu imerudia historia ya neno lake.

Kwa hiyo urefu peke yake hautuelezi mji. Katika mitaa kama Mapendo, wengi hukaa katika nyumba za mbao juu ya mawe meusi. Wanaosifu hoteli huziona nyumba hizo kuwa alama ya kubaki nyuma. Hata hivyo ubao waweza kubomolewa na kusimamishwa kwingine, jambo lisilowezekana kwa zege. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, amri ya kuhama iliyotolewa siku tano baadaye ilitaja mitaa 10. Mapendo ilikuwamo, na Les Volcans, mtaa wa katikati wenye majengo ya fahari, ilikuwamo vilevile. Mlima haukuhesabu etaje.

Tunapendekeza mambo mawili. Watunga kamusi waingize etaje kama neno la Kiswahili cha Kongo, tena waonyeshe hesabu yake yaanzia wapi. Nao wanaousifu mji waanze maelezo yao kwenye msingi, ndipo wapande juu.